Mama Mkwe Kiti cha Nyuma

Wanawake wenzangu wa Ibadakuli, mmenichosha. Nikienda bombani, "Bibi Masanja, ilikuwaje huko Geita?" Nikienda kanisani, mwenye zamu ya kufagia anaegemea ufagio, "Bibi Masanja, ni kweli mlimfunika mama wa watu kitambaa safari nzima?" Juzi muuza dagaa kakataa kunipimia mpaka nimsimulie. Basi naandika. Anayejua kusoma awasomee wengine, halafu mniache nipalilie karanga zangu.

Nianze na kosa lenyewe, maana wengine hamkuwepo. Mjukuu wangu Masanja, huyu niliyemlea tangu mama yake alipofariki, alipata mchumba Geita, binti anaitwa Limi. Siku ya kumuaga Limi kwao, pale Kalangalala, mshereheshaji akashika kipaza sauti akasema, "Sasa mkwe amkumbatie mama mkwe kwa upendo!" Watu wa mjini wakapiga makofi. Na Masanja, ambaye akili yake siku hiyo ilikuwa imebanwa na tai, akaenda kweli. Angemkumbatia tu ingekuwa nafuu. Alimnyanyua! Mama Limi ni mwanamke mfupi, miguu ikaning'inia hewani, kiatu kimoja kikadondokea kwenye keki.

Nyie Wasukuma wenzangu sihitaji kuwaeleza. Lakini najua kuna wake wa walimu waliotoka mbali watakaosikia haya, kwa hiyo nawaambia: kwetu mkwe wa kiume na mama mkwe hawagusani, hawali pamoja, hawatazamani usoni. Wakikutana njiani, mmoja anaingia porini kana kwamba ameona nyoka. Sasa huyu wangu alimbeba wake kama gunia la mpunga, mbele ya mchungaji.

Mama Limi alipotuliwa chini alikichomoa kiatu kwenye keki. Akavaa kiatu chake chenye krimu, akatoka ukumbini. Harusini Shinyanga hakuja. Kiti chake kikakaa kitupu na utepe wake, na kitenge chake cha sare kikabaki kwangu, kimekunjwa, kipya. Limi akipiga simu, mama hapokei. Vijana wakasema atazoea tu. Lakini mimi nilikuwa namwona huyo bibi harusi: mbele ya watu anacheka, akienda kuosha vyombo anadondoshea machozi kwenye beseni.

Nikasema, tunapeleka mbuzi. Mkwe aliyemvunjia heshima mama mkwe anapeleka mbuzi jike, mtu mzima wa ukoo anamsemea, na mbuzi anapokewa nyumbani kwa mama mwenyewe, si pengine popote. Akimpokea, yamekwisha. Akimfukuza, Limi hana kwao tena, hata siku ya kujifungua hana mama wa kumkanda kwa maji ya moto.

Kutoka Ibadakuli, tukichelewa kwa sababu ya picha

Wao wakaiita fungate.

"Bibi," Limi akaniambia, "kwa kuwa likizo ya Krismasi imeanza, tunaunganisha. Tunaomba radhi, halafu tunapumzika."

"Mnapumzika nini? Mmelima wapi?"

"Tumechoka na harusi, bibi."

Mimi niliyepika ile harusi sikuwa nimechoka.

Tajiri wa Masanja, yule Mhindi mwenye duka la mabati, alimwazima gari dogo jeupe, akamwambia lirudi safi kama lilivyo. Asubuhi nikavaa, nikamleta mbuzi, nikakaa kwenye kigoda nikingoja. Jua likapanda. Hawa wawili walikuwa wanapigana picha. Picha mlangoni, picha wakifungua mlango, picha wakiufunga. Walikuwa wamevaa fulana za kufanana, ya mmoja imeandikwa "Mume Wake" na ya mwingine "Mke Wake", kama vile kuna mtu atakuja kuwachanganya. Halafu Limi akatoa fulana ya tatu. Imeandikwa "Bibi Yao".

"Hii ni yako, bibi!"

"Mimi nimevaa."

"Juu ya gauni, kidogo tu, tupige picha."

"Mke mwenzangu," nikamtania, "nimeishi miaka yote hii bila kuandikwa."

Akacheka, kumbe hajakata tamaa. Akamvalisha mbuzi. Miguu ya mbele akaipitisha kwenye mikono ya fulana, akapiga picha, tukataka kuivua, mbuzi akagoma, akaanza kupiga pembe. Basi mbuzi wa kuombea radhi akaondoka Ibadakuli amevaa "Bibi Yao", amekaa na mimi kiti cha nyuma, anachungulia dirishani kuliko hata mimi.

Barabarani watu wote walikuwa wanakwenda kwao. Mwezi wa kumi na mbili mnaujua. Mtu mwaka mzima hajulikani aliko, ikifika Krismasi anarudi na suruali mpya na kuku kichwa chini. Kila tulipopita kituo Limi alikuwa anashusha kioo, anapunga mkono kama mke wa rais. Masanja anaendesha kwa mkono mmoja, wa pili umeshikwa. Nikamwambia achukue mkono wake, una kazi. Akasema, "Bibi nawe una wivu." Nikasema wivu wangu ni wa kufika nikiwa hai.

Kahama, nilipolala kwenye maua

Kahama si mbali, tungeweza kupita. Lakini fungate lazima ilale nyumba ya wageni, ndivyo nilivyoelezwa.

Masanja akaenda kumfunga mbuzi uani, Limi akaenda msalani, mimi nikabaki mapokezi na mifuko. Mhudumu, binti wa pwani, sauti laini, akauliza, "Shikamoo mama. Bwana harusi yuko wapi?"

"Marahaba. Mume wangu yuko nje, anafunga mbuzi."

Nyie mnajua sisi tunavyotaniana: mjukuu wa kiume ni mume wangu, mkewe ni mke mwenzangu. Yule binti hakujua. Akamwangalia Masanja kupitia dirishani, akaniangalia mimi na meno yangu yaliyobaki, akameza mate. Akanipa ufunguo kwa mikono miwili. "Hongera sana, mama," akasema. Nikasema asante, nikidhani anasifia mbuzi.

Nikafungua chumba nikakuta kitanda kimechafuliwa. Majani ya maua mekundu yametupwa juu ya shuka jeupe, kila mahali, na taulo zimekunjwa kuwa bata wawili wanaogusana midomo. Nikasema watu wa mji huu ni wavivu, mgeni anapewa chumba hakijafagiwa. Nikakung'uta shuka, nikafagia, nikamvunja shingo bata mmoja nikaogea.

Kumbe wenzangu wamepewa chumba cha vitanda viwili vya futi tatu, kimoja kwa huku, kingine kwa kule, katikati meza. Wakaja kugonga.

"Bibi, samahani, wamekosea. Chumba chetu ni hiki."

"Nimeshaoga humu."

Limi akachungulia ndani. "Bibi, maua yako wapi?"

"Nimempa mbuzi."

Alikaa chini kwenye ngazi, sikujua kama analia au anacheka. Masanja akasema yale maua yameagizwa maalumu. Nikamwambia mbuzi ameyapenda. Tukabadilishana vyumba, lakini kitanda chao kilibaki kitupu kama cha hospitali.

Chakula wakaagiza chipsi na kuku. Mimi nikaomba ugali, ukaja mdogo, umefinyangwa kwa bakuli, juu yake kijani cha kupamba, na uma pembeni. Nikauliza uma ni wa nini. Mhudumu mwingine akasema, "Wa kulia ugali, bibi." Nikamrudishia akalie yeye. Nikafungua mfuko wangu wa matobolwa, nikala viazi vyangu vya kukausha na karanga, nikashiba.

Lakini wakati tunakula nilimwona Limi anachukua simu, anaiweka sikioni, anangoja, anaitoa. Akatabasamu akamlisha mumewe chipsi moja.

"Hapokei?" nikamuuliza.

"Labda yuko sokoni," akasema.

Saa hiyo soko gani.

Masumbwe, tulipomfuma

Njia fupi kwenda Geita ingekuwa nyingine, lakini tulipitia Masumbwe kumchukua shangazi yake Limi, anaitwa Kabula, dada wa marehemu baba yake. Nilitaka tuwe naye siku ya mbuzi, awe shahidi.

Kabula ni mwanamke mrefu, anaongea kama anayeita ng'ombe ng'ambo ya mto. "Mwadila, mayu!" akanipokea. Tukakaribishwa ndani, tukaletewa ugali wa muhogo, kuku wa kienyeji, na mlenda unaovutika mpaka kiwikoni. Huo ndio ugali, hauhitaji uma. Niko katikati ya paja la kuku, nikasikia mtu anapiga chafya ghalani.

Kabula akatazama dari.

Chafya ya pili.

"Una mgonjwa?" nikauliza.

"Nina wifi," akasema Kabula bila kunong'ona, maana kunong'ona hajui. "Mama Limi! Toka! Pilipili za huko zitakuua!"

Kumbe Mama Limi alisikia tunakwenda kwake Kalangalala, akafunga nyumba, akakimbilia Masumbwe tumkose. Sisi tukamfuata mpaka alikokimbilia, bila kujua. Gari liliposimama nje akajitupa ghalani, kati ya magunia ya mpunga na pilipili kavu.

Masanja aliposikia jina lile aliruka. Nawaambia aliruka, sahani ikabaki inazunguka. Akatoka kwa mlango wa nyuma, akaenda kusimama nyuma ya banda la kuku, ametazama ukuta. Angalau hilo alikuwa amejifunza.

Mama Limi akatoka, macho mekundu kwa pilipili, amejifuta vumbi. Akanisalimia vizuri, "Shikamoo mama." Nikaitikia. Limi akapiga magoti mbele yake. Mama akamtazama utosini, akamtazama ile fulana, akasoma, "Mke Wake." Akasema, "Mke wake basi. Nenda kwake."

Limi hakuinuka.

Nikasema, "Mama Limi, tumekuja na mbuzi."

"Mbuzi hapokewi kwa watu, mama. Unajua."

"Najua. Ndiyo maana tunakwenda kwako."

"Kwangu mimi sipo."

Hapo Kabula akaingilia. "Wifi, na kwangu haupo. Kesho nafunga nyumba, nakwenda kwa wanangu Krismasi. Kuku wako wa mayai huko Geita nani anawapa maji? Yule jirani uliyemwachia ameshasafiri, kanipigia simu leo."

Tangu simu hiyo ya asubuhi Mama Limi alikuwa amekwenda stendi mara kwa mara kutafuta usafiri, magari yote yamejaa watu wa sikukuu, wengine wamebebana. Akatazama gari jeupe pale nje. Akatazama mbingu, wingu jeusi limekaa upande wa Katoro.

"Nitapanda," akasema. "Lakini sijasamehe. Gari ni gari."

"Mimi sitakuja basi," akasema Kabula, "nafasi yangu achukue yeye." Akanikonyeza. Mwanamke mjanja sana yule.

Sasa, gari lina viti viwili mbele, na kiti cha nyuma. Mkwe ndiye dereva. Mama mkwe atakaa wapi asionane naye? Tulizunguka lile gari kama watu wanaonunua ng'ombe. Mwisho nikatoa kile kitenge cha sare, kile kile chake ambacho hakukivaa, tukakifunga katikati ya gari kutoka dirisha hili mpaka lile. Kikawa pazia. Kikabaki kioo kidogo cha dereva cha kutazamia nyuma, na hicho Masanja akakivalisha soksi yake.

Mama Limi akasema, "Kitenge hiki si kile cha harusi?"

"Ndicho," nikasema.

Akageuza uso dirishani.

Kutoka Masumbwe, mimi nikiwa simu

Tukaondoka. Nyuma ya pazia mimi, Mama Limi, na mbuzi katikati. Mbele ya pazia maharusi, mikono kila mmoja na wake. Kwa mara ya kwanza tangu nyumbani dereva alikuwa anaendesha kwa mikono miwili.

Mama mkwe hasemi na mkwe. Kwa hiyo nilikuwa simu.

"Mwambie mwenye gari apunguze mwendo."

"Masanja, punguza mwendo."

"Mwambie mama napunguza."

"Anapunguza."

"Nimesikia kuwa anapunguza, lakini hapunguzi."

"Masanja, hupunguzi."

Watu wanakaa hatua moja, wanasikilizana mpaka pumzi, na mimi koo limekauka kwa kuyabeba maneno yao. Nikajaribu kuongeza utamu. Nikamwambia Mama Limi, "Anasema anakuheshimu sana." Kutoka mbele Masanja akasema, "Sijasema bado, bibi, lakini ni kweli." Mama Limi akasema, "Mwambie heshima haina mbawa, haibebi watu juu." Limi mbele akacheka kidogo, akajiziba mdomo. Nilimwona mama yake ameisikia ile sauti, akaacha kumfukuza mbuzi begani.

Hatujafika mbali, askari wa barabarani akanyoosha mkono. Kijana nadhifu. Akatazama mbele akaona maharusi wamekaa kama wamepigwa picha ya kitambulisho. Akaona soksi kwenye kioo. Akaja dirisha la nyuma, akaona wanawake wawili watu wazima na katikati mbuzi. Akasoma kifua cha mbuzi.

"Huyu ndiye bibi yao?"

"Bibi yao ni mimi. Huyo ni mbuzi."

"Na pazia?"

"Dereva ni mkwe wake huyu mama."

Akavua kofia. Nilijua hapo hapo ni mtu wa kwetu. "Mwadila, mayu," akamsalimia Mama Limi, macho chini. Halafu akasimama anakuna kichwa, maana alikuwa na kazi ngumu. Sheria inataka dereva aone nyuma. Sisi tulikuwa tunataka asione nyuma. Magari yakajipanga. Dereva wa lori akapiga honi, askari akamwambia atulie, kuna jambo la kifamilia.

Mwisho akaamua. "Soksi itoke. Pazia litoke. Mama atajifunika mwenyewe."

Ndiyo hivyo, wenzangu. Ndilo swali lenu hilo la kitambaa. Mama Limi akajifunika kitenge cha sare kuanzia kichwani mpaka magotini. Joto la Desemba, vioo vimefungwa kwa vumbi, mbuzi anamlalia pajani. Kutoka chini ya kitenge nikasikia, "Mwambie afungue kioo."

Nikamwambia Limi, "Mama yako amevaa sare."

Limi akageuka. Akaitazama ile sura isiyo na uso. Ndiyo siku yake ya harusi ikawa imekamilika, lakini mama mwenyewe alikuwa haonekani.

Karibu na Katoro, kwenye tope

Mvua ikatushukia. Tulikuwa tumekata kwa barabara ya udongo, ikawa uji, gari dogo la tajiri likateleza, likaingia mtaroni upande mmoja, likakaa. Masanja akakanyaga mafuta, tairi likazunguka, tope likaruka mpaka juu ya paa. Gari la kurudishwa safi hilo.

Wakatokea wachimbaji, vijana wanaotoka machimboni kwenda kula sikukuu, wamebeba sururu, wamejaa vumbi jekundu lililolowa. Wakaona fulana za maharusi wakashangilia.

"Maharusi! Mmefunga ndoa na mtaro?"

Tukashuka wote kupunguza uzito. Mimi nikampeleka mbuzi pembeni. Mama Limi akashuka upande wake, bado amejifunika, haoni vizuri anakokanyaga. Hatua moja, mbili, akazama. Mguu mmoja mpaka gotini, akajitahidi kuutoa, na wa pili ukafuata. Akabaki amesimama kama kigingi, na chini yake maji ya mvua yanakuja kwa mtaro, yanapanda.

Wachimbaji walikuwa mbele wanainua gari. Limi alikuwa upande wa pili, ameshikilia mlango. Aliyekuwa karibu naye, karibu kabisa, ni Masanja.

Masanja akanyoosha mikono. Halafu akakumbuka. Akairudisha, akaifunga mgongoni, akageuza uso pembeni, mvua inampiga.

"Bibi!" akaniita. "Mwambie mama siwezi kumshika!"

Na mimi niko ng'ambo na mbuzi anayevuta kamba. Nikaona kitenge kinatingishika. Kutoka ndani ikatoka sauti, "Mwambie alete mtu mwingine!"

"Bibi, mwambie mama hakuna mtu mwingine!"

Mchimbaji mmoja akaacha gari akasimama kushangaa. "Kaka, unaogopa mama mkwe kuliko duara la kuchimbia dhahabu linalotitia?" Wenzake wakacheka. Mmoja wao, kijana wa kwetu, akawanyamazisha, "Acheni. Mnajua kumgusa tena ni faini ya mbuzi wangapi?"

Nilikuwa nimebeba maneno yao tangu Masumbwe. Nilikuwa na la kusema, na sauti ninayo, mnanijua. Nikafunga mdomo. Nikajifanya nahangaika na mbuzi.

"Mwambie!" Mama Limi akaita.

Sikumwambia.

"Mama! Uko wapi? Mwambie!"

Maji yamefika juu ya goti. Limi akalia, "Mama!", akaanza kuja, akateleza akaanguka kifudifudi, fulana nzima ya "Mke Wake" ikawa tope.

Mama Limi akakivuta kile kitenge kichwani, akakitupa. Uso nje, nywele zimelowa. Akamtazama mkwe wake, macho kwa macho, jambo ambalo kwetu halifanyiki, akasema kwa ukali, "We baba! Utasimama hapo mpaka nizame? Mtoto wangu ameanguka! Nitoe!"

Akamtoa. Kama siku ile ile, mikono chini ya makwapa, akamnyanyua, na miguu ikaning'inia, viatu viwili vikabaki kwenye tope. Safari hii hakuna aliyepiga makofi. Akamtua kwenye majani, akaruka nyuma kama ameungua, akageuka akatazama mbali. Mama hakumtazama, alikwenda peku kumwinua Limi, akamfuta tope usoni kwa kiganja, akamkung'uta, akamgombeza, "Nani alikwambia ukimbie kwenye tope? Nani?" Na Limi analia, anasema, "Nilikupigia simu, mama. Nilikupigia kila siku."

"Nilikuwa naiona," akasema mama. "Nilikuwa naitazama inaita."

Mchimbaji akaokota kitenge, akauliza kama kinatumika. Hapo hapo akakiweka chini ya tairi. Gari likashika, likapanda, likatoka. Hicho ndicho kitenge cha sare cha Mama Limi, mwisho wake.

Kutoka Katoro mpaka Kalangalala

Huku lami ni nzuri. Hakukuwa na pazia wala cha kujifunikia, kitenge kilikuwa kitambaa cha tope kwenye mfuko. Mama Limi alikaa nyuma na binti yake, nikahamishwa mbele. Masanja alikipindisha juu kile kioo cha kutazamia nyuma, akatazama barabara tu. Hakuna aliyeniambia nimwambie mtu kitu. Nilikaa kama simu iliyoisha salio.

Tulifika jua linazama, taa za maduka zimewaka, watoto wanapasua baruti. Kuku wa mayai walikuwa hai, wanalia njaa. Mama Limi akafungua mlango, akaingia, akasimama ndani. Sisi nje. Hapo ndipo palipokuwa na kazi yenyewe.

Nikamvuta mbuzi mpaka mlangoni. Masanja akapiga magoti nyuma yangu, uso chini. Nilikuwa nimejiandalia maneno tangu Ibadakuli, maneno mazuri, ya wazee, marefu. Nikasema, "Mama Limi, mtoto alikosea mbele za watu. Huyu hapa mbuzi." Mengine yakagoma kutoka. Nilikuwa nimechoka, na mbuzi alikuwa bado amevaa fulana yangu.

Mama Limi akamtazama mbuzi muda mrefu. Akasoma kile kifua, "Bibi Yao." Mdomo ukamcheza. Akanyoosha mkono, akaipokea kamba.

Limi akapita ubavuni mwangu akaingia ndani, bila kukaribishwa, kama mtu anayeingia kwao. Nikasikia sufuria.

Basi mama akageuka kwangu kama kawaida. "Mwambie..." akaanza. Akasimama. Akatazama juu, kwenye kona ya paa, si usoni pa mkwe wake, lakini akasema yeye mwenyewe:

"Baba, umekula?"

Masanja akainua kichwa akanitazama mimi, anangoja nimpelekee.

"Usinitazame," nikamwambia. "Umeulizwa wewe."

"Bado, mama," akasema.

Akatengewa chakula chake peke yake barazani, kwa heshima, mama asimwone anatafuna. Limi akaandaliwa cha kwake jikoni, kando ya mama yake. Mbuzi akapewa majani ya viazi. Na mimi, niliyesafirisha maneno yao kutoka Masumbwe mpaka yakajifunza kutembea yenyewe, hakuna aliyeniuliza kama nimekula. Nikakaa kwenye ngazi nikafungua mfuko wa matobolwa. Yalikuwa yamelowa, lakini yalilika.